Nikiulizwa hali najibu alhamdulillahi. Nitamwambiaje daktari ukweli?

Mama, salaam alaykum.

Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Nina miaka 29, naishi Mkomani hapa Lamu. Nyumba yetu ni ya mawe, ya zamani, na jiko liko juu kabisa. Ngazi za kufika huko ni 32. Hesabu yake naijua kwa sababu mwaka huu nimekuwa nikizihesabu kila siku.

Yalianza nilipokuwa na mimba ya huyu mdogo, ambaye sasa ana miaka mitatu. Pumzi ilikuwa ikinikatika na miguu ikavimba, nikaambiwa mimba ndivyo zilivyo. Nilipojifungua nilipata nafuu, kisha kikaja kikohozi cha usiku. Mahali pamoja nikapewa dawa ya pumu, pengine nikaambiwa ni wasiwasi, nipunguze mawazo. Mwaka jana daktari mmoja kijana alinisikiliza kifua muda mrefu, akanilaza ubavu wa kushoto, akasikiliza tena. Akasema moyo wangu una mngurumo. Akaniandikia rufaa ya Mombasa.

Mombasa nilipigwa eko, ile picha ya moyo. Daktari bingwa akasema mlango mmoja wa moyo umekuwa mwembamba kwa sababu ya makovu, na kwamba asili yake ni homa ya baridi yabisi ya utotoni. Mamangu anakumbuka kweli nilipokuwa na miaka kumi na kitu magoti yalinivimba, kisha viwiko, nikakandwa kwa mafuta hadi nikapona. Daktari akasema huenda mlango huo ukapanuliwa au ukabadilishwa. Maneno mengi alimwambia mume wangu. Tukapewa dawa, nikachomwa sindano, tukapewa tarehe ya kurudi. Zimebaki wiki tano.

Mama, yaliyonifanya nikuandikie ni mawili. La kwanza, hali inazidi. Siwezi tena kulala chali, natumia mito mitatu. Ngazini nasimama mara mbili. Lakini daktari aliponiuliza, "Unaendeleaje?", nilijibu, "Alhamdulillahi, sijambo." Sijui kwa nini. Ndivyo nilivyolelewa.

La pili, nesi aliyenichoma sindano alininong'oneza: "Wewe usithubutu kushika mimba na moyo huo." Daktari hakusema neno hilo. Mama mkwe ananiuliza mbona huyu mdogo hajapata wa kumfuata, mume wangu angependa, na mimi sitakuficha, natamani. Vidonge vya majira nimeviacha tangu mfungo wa Ramadhani uishe. Hayo sikumwambia daktari. Mume wangu alikuwepo, na vijana wawili wanafunzi wa udaktari walikuwepo, nikaona haya. Wala mume wangu sijamweleza alichosema nesi.

Naogopa nikianza maswali nitaonekana mjeuri. Daktari wa moyo akinichukia nitampata wapi mwingine? Mume wangu naye husema, "Daktari ndiye ajuaye, sisi tunajua nini?" Nishauri.

Mama wa wawili, Lamu

*

Waalaykum salaam, mwanangu.

Nianze na lisilongoja. Wiki tano ni nyingi mno. Mtu asiyeweza kulala chali, na ambaye huenda ana mimba bila kujua, hasubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Kesho asubuhi nenda hospitali ya King Fahd, hapo hapo kisiwani, na ile karatasi ya eko mkononi. Sema maneno haya kama yalivyo: "Nina ugonjwa wa mlango wa moyo. Nilikuwa nalala na mto mmoja, sasa ni mitatu. Naomba nipimwe mimba. Naomba daktari ampigie simu mwenzake wa Mombasa, tarehe yangu isogezwe mbele." Madaktari hupigiana simu, na neno la daktari kwa daktari hufungua mlango ambao wewe ungeugonga mwezi mzima.

Na ukiamka usiku unatafuta hewa dirishani, ukikohoa damu au povu la rangi ya waridi, ukizimia, moyo ukienda mbio ovyo ovyo, au mkono na mdomo wa upande mmoja vikilegea ghafla, usingoje kupambazuke. Waamshe watu, upelekwe. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hapo asikwambie mtu habari ya kulipa kwanza.

Mpaka uzungumze na daktari, wewe na mumeo tumieni kondomu. Usirudie majira yale ya zamani kwa uamuzi wako. Vidonge vingi vya aina hiyo vina homoni inayoongeza hatari ya damu kuganda, na moyo wenye mlango mwembamba damu yake tayari hutuama na huweza kuganda. Ziko njia nyingine zinazowafaa wenye ugonjwa huu, kama kijiti cha mkononi, lakini achague daktari pamoja nawe.

Sasa nikueleze kwa nini barua yako ilinishika moyo.

Marehemu mume wangu alikuwa seremala hapa Malindi. Figo zilimsumbua, na kwa miaka miwili alihudhuria kliniki, nami nikifuatana naye. Kila alipoulizwa hali alijibu, "Alhamdulillahi." Nyumbani alikuwa hali chakula, anajikuna usiku kucha, miguu imevimba hata makubadhi hayamwingii. Nilikuwa nimekaa kando yake naye anasema hajambo, nami nikanyamaza, kwa kuwa niliona si adabu mke kumsahihisha mume mbele ya watu. Alipolazwa mara ya mwisho nilipewa faili lake nilipeleke maabara. Nikalifungua njiani. Ziara baada ya ziara yaliandikwa maneno yale yale: hana malalamiko. Hana malalamiko. Hana malalamiko. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini nikalia. Daktari angeweza kumtazama miguu, ndiyo, na hilo bado linaniuma. Lakini aliandika alichoambiwa, na sisi wawili ndio tuliomwambia.

Kwa hiyo, mwanangu, alhamdulillahi usiiache. Ni neno la kumshukuru Mola kwa kila hali. Ila daktari hakuulizi habari ya shukrani yako, anaulizia pumzi yako. Mjibu yote mawili: "Alhamdulillahi, daktari. Lakini mwanzo wa mwaka nilikuwa napanda ngazi 32 kwa mara moja, na sasa nasimama mara mbili." Umeona ulivyoniandikia mimi? Ngazi 32, mito mitatu, kusimama mara mbili. Mgonjwa akisema "nachoka" au "mwili hauna raha", daktari hana pa kushika, kwani kila anayeingia chumbani mwake amechoka. Ukimpa ngazi na mito anajua mara moja ugonjwa umefika daraja gani, na hata dawa anaweza kuibadilisha palepale. Tayari unayo lugha anayoihitaji. Uliitumia kwangu, ukamnyima yeye.

Mwambie pia habari ya magoti na viwiko, pamoja na umri uliokuwa nao, na uliyopitia katika mimba ile. Mwambie umetibiwa pumu. Hizo si hadithi za kumpotezea muda. Ugonjwa wako huanza na mafindofindo ya bakteria yasiyotibiwa utotoni. Mwili unapopigana na bakteria hao hugeuka ukajeruhi viungo na milango ya moyo. Viungo hupona, milango hubaki na makovu, na miaka mingi baadaye mimba ndiyo inayoyafichua. (Wanao wakiumwa koo na homa, wapeleke watibiwe. Usiwasukutulishe maji ya chumvi ukaishia hapo.)

Tuje kwa lile la haya. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na kwako ndivyo hasa. Nesi yule alikuonea huruma, lakini neno zito kama lile halisemwi kwa kunong'ona na kuachwa hapo. Ukweli wake ni huu: katika mimba damu mwilini huongezeka kwa kati ya asilimia 30 na 50, na moyo huenda mbio zaidi. Mlango ukiwa mwembamba, damu hiyo haipiti upesi, hurudi nyuma ikajaa mapafuni. Mlango wa mtu mzima mwenye afya una upana wa sentimita 4 hadi 6 za mraba. Ukifika 1.5 au chini yake, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali. Wako ni ngapi? Namba hiyo iko kwenye karatasi ya eko uliyo nayo nyumbani. Muulize daktari akuonyeshe kwa kidole. Muulize pia shinikizo la damu kwenye mapafu ni kiasi gani, maana hizo mbili ndizo zinazotangulia katika kuamua kama mimba ni hatari kwako leo.

Nimesema leo kwa makusudi. "Usithubutu" ya nesi si lazima iwe ya maisha. Wapo wanawake waliopanuliwa mlango kwanza, wakapona, kisha wakazaa wakiwa chini ya uangalizi. Lakini daktari asipojua kwamba unatamani mtoto, anaweza kukuchagulia tiba nzuri kwa moyo na ngumu kwa uzazi.

Akisema kupanua, maana yake ni kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni, kisha puto dogo hujazwa likautanua mlango. Kifua hakipasuliwi. Haliwezekani kwa kila mtu: mlango ukiwa mgumu sana, ukivuja sana, au pakiwa na damu iliyoganda ndani ya moyo, njia hiyo hufungwa. Muulize: "Mlango wangu unafaa puto? Kama haufai, ni kwa sababu gani?"

Akisema kubadilisha, hapo ndipo nakuomba usitikise kichwa tu. Vali, yaani milango ya moyo, za kubandikwa ni za aina mbili. Ya chuma hudumu miaka mingi, lakini utakunywa warfarini maisha yako yote ili damu isigande juu yake, na warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Tena inataka damu ipimwe mara kwa mara, kile kipimo cha INR kinachoonyesha damu inaganda upesi kiasi gani. Kwa mtu wa Mkomani swali si dogo: kitapimwa wapi, na siku bahari imechafuka au barabara imefungwa utafanyaje? Ukiwa kwenye dawa hiyo huwezi kula mitishamba wala kununua dawa ya maumivu dukani bila kuuliza, kwa kuwa nyingi huifanya damu iwe nyepesi kupita kiasi au huiharibu kazi yake. Vali ya pili ni ya tishu ya mnyama. Kwa kawaida haihitaji warfarini ya maisha, kwa hiyo huwa nyepesi kwa anayetaka kuzaa, lakini kwa kijana kama wewe huchakaa mapema na utarudi kupasuliwa tena. Na kwa kuwa sisi ni Waislamu nikwambie kabisa: nyingine hutokana na nguruwe, nyingine na ng'ombe. Uliza mapema itakuwa ipi. Ukitaka kumshauri sheikh wako, mwendee na majibu ya daktari mkononi, asije akakujibu kwa kubahatisha.

Hakuna katika hayo linaloamuliwa na daktari peke yake, na hakuna unaloweza kuliamua wewe peke yako.

La sindano nalo ulilitaja kwa neno moja ukapita. Kama ni ile ya penisilini, huchomwa kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, ili homa ya baridi yabisi isirudi ikaongeza makovu. Umechomwa moja. Ya pili ilikuwa lini? Muulize daktari kama wewe, kwa mlango ulivyo, uendelee na sindano au upewe vidonge, kwa sababu tangu 2022 wataalamu wa moyo wa Marekani wameshauri wenye ugonjwa mkali wa vali wafikiriwe vidonge. Usiache mwenyewe. Uliza. Na ukiwa kwenye dawa za kukojoza maji, uliza habari ya kufunga kabla Ramadhani haijaingia. Usingoje ukaanguka ukiwa na swaumu.

Sasa ujeuri. Sheria ya Afya ya 2017 inasema mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida zake, hatari zake na gharama zake, na aelezwe kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo hata kumwambia, "Daktari, naomba unieleze kwa Kiswahili," ni haki iliyoandikwa. Mkataba wa haki za wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya 2013 unakupa pia haki ya kutafuta maoni ya daktari wa pili. Lakini sikushauri uingie chumbani ukitaja sheria. Sheria iweke mfukoni, adabu iweke mdomoni. Keti, msalimie, umwambie: "Daktari, nina maswali manne, nimeyaandika ili nisikuchukulie muda." Mpe karatasi ayaone yote. Akimaliza kueleza, mwambie: "Naomba niseme nilivyoelewa, unisahihishe." Sijaona daktari mwema aliyekasirishwa na hayo. Wengi huinua macho kwenye faili kwa mara ya kwanza.

Ukikutana na wa kukasirika, mwingine yupo. Upasuaji wa vali hufanywa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, na hata Tenwek kule Bomet, ambako wenye ugonjwa wako wengi wamepasuliwa. Daktari usiyemjua, jina lake na ubingwa wake unaweza kuutafuta kwenye daftari la Baraza la Madaktari, KMPDC, kwenye tovuti yao. Na kabla hata tarehe ya tiba haijatajwa, pita dirisha la SHA, bima ya afya ya serikali, hospitalini. Tangu Oktoba 2024 ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, na tiba kubwa huombewa idhini kwanza. Hakikisha mchango umelipwa na jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho. Nimeona watu wakirudishwa kwa herufi moja.

Mumeo, nakusihi, usimwache nje ya hili. Kwa ulivyoandika si mtu mbaya, anaogopa tu, na mwanamume akiogopa humwachia daktari kila kitu. Mweleze aliyosema nesi, leo usiku, watoto wakishalala. Kisha mpe kazi: yeye ashike kalamu aandike majibu, wewe uongee. Hapo daktari akimgeukia yeye, yeye mwenyewe atasema, "Muulize mgonjwa." La uzazi ukiona bado huwezi kulisema mbele ya watu, mwambie nesi wa mlangoni unaomba dakika mbili na daktari faraghani, bila wanafunzi. Una haki ya kuwakataa wanafunzi, na hutanyimwa tiba kwa hilo. Mama mkwe naye aelezwe na mwanawe, si nawe. Aambiwe kwamba mkwewe ana ugonjwa wa moyo na daktari bado anaamua. Hilo linamtosha.

Kila karatasi utakayopewa ipige picha kwa simu, ya eko kwanza, na picha hizo mumeo naye awe nazo kwenye simu yake. Dawa zako zote, hata ile ya pumu, zitie kwenye mfuko mmoja uende nao.

Na tarehe ikisogezwa, usipande basi la alfajiri Mokowe ukafika Mombasa mchana umechoka kisha ukaingizwa kwa daktari moja kwa moja. Ondokeni siku moja kabla, mlale kwa jamaa. Keti dirishani, mito yako ichukue, na faili lisiende kwenye buti na mizigo. Liweke mapajani.